Kumbukumbu za wazee wa 555 tusiiachie serikali peke yake

Mwezi wa tatu mwaka 2025 alifariki kule Los Angeles mzee Joe Harris wa kikosi cha 555 akiwa na miaka 108, na inaaminika ndo alikuwa mzee kuliko wote kati ya askari wa miavuli wa Vita Kuu ya Pili waliokuwa wamebaki. Aliruka na parachuti mara 72. Alizaliwa Louisiana tarehe 19 Juni 1916, na anayeijua historia ya watu weusi wa Marekani anajua hiyo tarehe ina uzito gani kwao, ni ile wanayosherehekea mwisho wa utumwa. Harris alijaliwa umri mrefu mpaka watu wakazinduka wakamfuata, wakampigia saluti, wakamuuliza maswali huku familia yake imekaa pembeni inasikiliza. Wenzake wengi wa kikosi chake hawakufika siku hiyo. Walizikwa na stori zao, na mpaka leo kuna wajukuu ambao hawajui babu yao alikuwa anafanya nini mwaka 1945, wanajua tu "alikuwa jeshini". Hilo linaniuma sana na ndo maana naandika.

Kikosi chenyewe ni bataliani ya 555 ya askari wa miavuli, wenyewe walijiita Triple Nickles. Ndo kikosi cha kwanza cha askari wa miavuli weusi katika jeshi la Marekani, kuanzia askari wa kawaida mpaka maofisa. Wakati ule jeshi lilikuwa limetenganishwa kwa rangi, weusi huku weupe kule, na kijana mweusi aliyejiandikisha akitaka kupigana mara nyingi aliishia jikoni, kwenye kuendesha malori au kulinda geti.

Mambo yalianzia kwenye kambi ya Fort Benning, Georgia. Kulikuwa na sajenti mmoja anaitwa Walter Morris, yeye na vijana wake kazi yao ilikuwa ulinzi kwenye shule ya parachuti ya weupe. Morris akaona vijana wamekata tamaa kabisa, na wala huwezi kuwalaumu, maana mateka wa Kijerumani na Kiitaliano pale kambini walikuwa wanaingia kununua vitu kwenye duka ambalo askari mweusi wa Marekani, kavaa sare ya nchi yake, haruhusiwi kuingia. Hebu fikiria unalinda mahali ambapo adui yako anathaminiwa kuliko wewe. Basi Morris akafanya jambo ambalo mimi nalisifu mpaka leo. Kila jioni wanafunzi weupe wakishaondoka uwanjani anawachukua vijana wake, anawapeleka palepale, wanafanya mazoezi yote waliyoyaona mchana, kukimbia, pushapu, mpaka kuruka kutoka kwenye mlango wa ndege ya mfano. Hakuna aliyewatuma wala aliyewaahidi kitu. Siku moja jenerali mkuu wa shule, Ridgely Gaither, akapita akawaona, akamwita Morris ofisini, na kumbe huko juu Washington tayari ilishaamuliwa kianzishwe kikosi cha weusi cha miavuli. Morris akawa mtu wa kwanza kwenye kikosi hicho. Desemba 1943 kampuni, yaani kombania ya askari, ikaundwa, Februari 1944 wale wa kwanza wakapata mabawa yao, ile beji ya aliyefuzu kuruka, na waliokuwa wanasema mtu mweusi ataogopa kuruka ikabidi wanyamaze.

Walichotaka ni kwenda Ulaya kupigana na Wajerumani. Hawakupelekwa. Mwezi wa tano 1945 wakapewa amri ya siri waende Pendleton, jimbo la Oregon, magharibi kabisa, na walipofika ndo wakaelezwa kwamba Wajapani wanarusha maputo makubwa yenye mabomu, yanapanda juu sana, yanachukuliwa na upepo mkali wa huko juu yanavuka bahari yote ya Pasifiki mpaka Marekani. Yalirushwa zaidi ya elfu tisa kati ya Novemba 1944 na Aprili 1945. Yaliyojulikana kuwa yamefika ni kama mia tatu hivi, na tarehe 5 Mei 1945 moja lililipuka karibu na Bly, Oregon, likaua mama mjamzito na watoto watano waliokuwa wametoka na kanisa kwenda pikiniki. Serikali ilikuwa imeyaomba magazeti yasiandike habari za maputo, ili Wajapani wasijue kama yanafika. Kwa hiyo kazi ya 555 ikawa kuruka kwenye misitu inayowaka, kuzima moto na kuyatafuta hayo mabomu, na wasiseme neno.

Mtu aliyefundishwa kutua uwanjani sasa anafundishwa kutua juu ya miti. Wakavalishwa helmeti za mpira wa Kimarekani zenye waya mbele ya uso, makoti mazito, na kila mtu ana kamba ndefu, ukinasa kwenye mti unajishusha nayo mwenyewe. Kazi ya kuruka na parachuti kwenda kuzima moto wa msituni yenyewe ilikuwa changa, ilianza mwaka 1940 tu. Msimu ule mmoja wa 1945 walikwenda kwenye moto mara 36 na ukihesabu kila mtu na mruko wake ni zaidi ya miruko 1,200. Na wakirudi mjini, wamechoka, wananuka moshi, milango mingi ya migahawa na baa pale Pendleton imefungwa kwao.

Mmoja wao hakurudi. Malvin Brown, alikuwa wa huduma ya kwanza kwenye kikosi, tarehe 6 Agosti 1945 parachuti yake ilinasa kwenye mti mrefu kusini mwa Oregon, akawa anajishusha na kamba, akaanguka akafa. Wenzake wakamtoa msituni kwa kumbeba. Tarehe hiyohiyo bomu la atomiki likaangushwa Hiroshima, kwa hiyo mwambie mtu yeyote "6 Agosti 1945" atakwambia Hiroshima, na ni kweli yake, ila mimi nataka na jina la Brown litajwe. Alizikwa Baltimore, na miaka ikapita kaburi lake likapotea machoni pa watu. Waliokuja kulitafuta ni wastaafu wa kazi ileile ya kuruka kwenye moto, watu ambao hawakuwahi kumjua, wakafuatilia karatasi za zamani na makaburi mpaka wakalipata. Mimi nikisema "kuwakumbuka" namaanisha kitu kama hicho, mtu kaacha kazi zake akaingia kwenye makaburi yaliyoota majani anatafuta jina.

Sherehe sizichukii jamani. Saluti, bendera, gwaride, vyote vina mahali pake, na Januari 1946 jenerali James Gavin alipowachukua 555 watembee pamoja na divisheni yake ya 82 ya askari wa miavuli kwenye gwaride la ushindi New York lilikuwa jambo kubwa sana, kwa sababu wakati ule sehemu nyingi weusi wangewekwa nyuma au wasingeitwa kabisa. Ila gwaride linaisha jioni, mzee anarudi nyumbani na stori yake, na kinachoamua kama hiyo stori itabaki ni kama kuna mtu pale nyumbani aliyeuliza. Na wengi hawakuuliza, sababu zenyewe naona zinaeleweka. Wazee wenyewe waliambiwa ni siri. Alafu ukimwambia mtu ulikuwa vitani anauliza uliua Wajerumani wangapi, na wewe jibu lako ni kwamba ulizima moto Oregon, basi unaamua kunyamaza. Kuna walioona kama walinyimwa vita yao, na mtu haongei kwa urahisi jambo alilonyimwa.

Kuna na jambo lingine baya zaidi ambalo watu wengi hawalijui. Tarehe 12 Julai 1973 jengo la kumbukumbu za wanajeshi pale St. Louis, Missouri, liliungua, mafaili kama milioni 16 mpaka 18 yakateketea. Kwa jeshi la nchi kavu, wale waliotoka jeshini kati ya 1912 na 1960, inakadiriwa asilimia 80 ya mafaili yao yalikwenda na moto. Kwa hiyo mjukuu wa askari wa 555 akiandika barua leo kuomba faili la babu, uwezekano mkubwa anajibiwa halipo. Watu waliozima moto wa misitu, faili zao zimeliwa na moto. Ndo maana nasema kumbukumbu kuu ya hawa watu iko kwenye makabati ya nyumbani kwao, cheti cha kutoka jeshini kimekunjwa ndani ya Biblia, picha ina majina nyuma, barua aliyomwandikia mke wake akiwa Pendleton. Mwanafamilia akihama nyumba akatupa lile boksi, hakuna ofisi ya serikali itakayolirudisha.

Sasa hapa nawageukia Waswahili wenzangu tulioko Marekani, maana nyie ndo nawaandikia hasa. Watanzania, Wakenya, Wakongo, Warundi, wangapi humu tunafanya kazi kwenye nyumba za wazee? Shifti ya usiku, unambadilisha babu, unampa dawa, unamgeuza asipate vidonda, saa nane za usiku hapati usingizi anaanza kuongea. Askari wa vita ile walikuwa zaidi ya milioni 16 nchi nzima, leo waliobaki hawafiki hata asilimia moja, na baadhi ya hao wachache wako mikononi mwa watu kama sisi. Watoto wao wako majimbo mengine, wanapiga simu Jumapili. Wewe uko naye kila usiku. Kwetu tumelelewa kukaa miguuni pa babu na kumsikiliza bila haraka, hiyo tunayo tayari, hatuhitaji kufundishwa na mtu. Umuite mzee, umuulize alikuwa kikosi gani, umuache aongee.

Ila kuna mipaka hapa na naisisitiza. Habari za mgonjwa siyo za kupeleka Tiktok, usimrekodi wala usimpige picha, sheria hairuhusu na heshima pia hairuhusu. Kazi yako ni kuiambia familia. Mtoto wake akija kumtembelea unamwambia tu kwa upole, "Mama, juzi baba alikuwa anataja majina ya wenzake wa jeshini, nadhani angefurahi ukimuuliza." Basi. Hapo wewe ndo umewaunganisha. Na usichague wale wenye nishani tu, aliyekuwa anakunja parachuti anajua mambo ambayo aliyeruka nayo hayajui, aliyekuwa karani ndo alikuwa anaandika majina ya wote.

Na mimi hili silioni kama la Wamarekani peke yao, maana vita ilikuwa ileile na adui yuleyule. Mwaka 1944 wazee wetu wa KEYA, yaani King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, walikuwa Burma, divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wanashuka bonde la Kabaw kwenye mvua na matope wakiwafukuza Wajapani, na chakula chao kilikuwa kinaangushwa na ndege kwa parachuti kwa sababu magari hayapiti. Wale nao wengi walirudi vijijini wakanyamaza. Ukiwa na bibi ambaye bado yuko hai na mume wake alikuwa KEYA, mpigie leo, usingoje likizo ya Desemba.

Kwa familia za 555, au mzee yeyote wa wakati ule, kuna mlango ambao wengi hawaujui. Faili la askari likishatimiza miaka 62 tangu atoke jeshini linakuwa la umma, yaani yeyote anaweza kuliomba, siyo lazima uwe mke au mtoto, unalipia ada tu. Na hata kama faili liliungua usikate tamaa, wale wa St. Louis wanaweza kuunganisha vipande kutoka sehemu nyingine, kuna hati za malipo ya mwisho, na kuna ripoti za kila asubuhi ambazo kampuni ilikuwa inaandika nani kaingia, nani kahamishwa, nani yuko hospitali. Hizo ripoti zinafuata kikosi, kwa hiyo ukijua kampuni yake na mwezi unaweza kumkuta babu yako mle, jina lake kwenye mstari mmoja pamoja na wenzake. Andaa jina kamili kama lilivyoandikwa wakati ule, tarehe ya kuzaliwa, kikosi, na namba yake ya jeshi, ambayo mara nyingi iko kwenye kile cheti kilichokunjwa. Ukishayapata majina ya wenzake kwenye hizo karatasi, tafuta watoto wao pia, kuna anayeshikilia nusu ya picha na nyinyi mna nusu nyingine.