Gitaa la Marehemu Limenyweshwa Maji

Watoto wa siku hizi wanasikiliza, tatizo liko hapo. Sisi neno liliingia sikio hili likatokea lile, na vitu vya wazee vikabaki salama. Wangu mimi, ukisema jambo sebuleni Jumatatu, Alhamisi unalikuta limeshatekelezwa.

Nina gitaa. Tuseme nilikuwa nalo. Gitaa kavu lisilotumia umeme, wenyewe tuliita galatoni, la marehemu baba. Siku ya kugawana urithi ndugu zangu walikimbilia ng'ombe, mimi nikajifanya msomi: niachieni gitaa, lina historia. Wale ng'ombe sasa hivi wana wajukuu. Historia haijawahi kunipa hata maziwa ya chai.

Lakini lilipita mambo, jamani. Mwaka 1971 serikali ilipohamishia watu wa Ugogo kwenye vijiji vya ujamaa, lilipanda lori pamoja na kuku, mtungi wa bibi na mlango wa tembe. Likaning'inia kwenye nguzo karibu na jiko mpaka moshi ukalipaka rangi ambayo dukani huipati. Mchwa walilionja wakaliacha. Mimi nimelihamisha kutoka Chang'ombe mpaka Nkuhungu juu ya bajaji, nimelipakata, dereva akaniuliza kama ninawahi harusi.

Sasa, juzi jirani alikuja, nikawa namwelimisha. Mbao na Dodoma haziivi chungu kimoja. Mvua ikikata Aprili ndiyo basi mpaka Novemba mwishoni au Desemba, na huo upepo wetu wa vumbi unafyonza kila kitu. Mbao inanywea, uso wa gitaa unapasuka, vile vyuma vya shingoni vinachomoza pembeni vinakukwaruza vidole. Wenye ujuzi huweka kitambaa chenye unyevu kidogo ndani ya kasha. Nikahitimisha kwa sauti ya mhadhiri: "Hili gitaa unaloliona, ndugu yangu, lina kiu."

Chini ya meza alikuwepo mwanangu Ndahani, somo wa babu yake, mdomo mwekundu kwa ubuyu. Kimya. Anaweka kumbukumbu.

Alhamisi narudi kazini nakuta gitaa limesimamishwa kwenye kona, limefunikwa khanga. Nikafurahi, nikadhani mama Neema ameanza kuheshimu mali za ukoo. Kuliinua, zito. Kuligeuza, chwaaa! Maji miguuni mpaka soksi. Mgongo umeachia upande mmoja, kile kibao kinachoshika nyuzi kimeng'oka kimebaki kinaning'inia na nyuzi zake, na mbegu za ubuyu zinatoka pale tunduni moja moja, hazina haraka.

"Nani kafanya hivi?"

"Lilikuwa na kiu," Ndahani akasema, hana wasiwasi kabisa. Dada yake akaongeza kwamba yeye alilishika tu lisimwage.

"Na mbegu?"

"Si ndiyo chakula chake."

Na maji yenyewe sasa! Maji ya akiba, mtaa ambao bomba likitoa tone watu wanapigiana simu. Ungekuwa mche wa zabibu ningesema haya, tungekuja kuvuna. Mama Neema alikuwa jikoni anasonga ugali, nikasikia mwiko umesimama. Halafu kicheko. "Baba Neema, mbona mimi nikisema nina kiu hakuna anayeniletea?"

Nikaenda kwa fundi wa samani Majengo. Akaligonga na ukucha, akanusa ndani, nikadhani anampima mgonjwa. "Una bahati mzee, gundi ya zamani imelegea tu, mbao haijachanika. Usiliweke juani, litapinda. Likauke kivulini taratibu, ndipo nilibandike nilibane na mipira ya tyubu ya baiskeli. Ungeniletea zeze ningekumalizia leo leo, kibuyu kikiharibika tunatafuta kingine." Bei aliyotaja sitaiandika hapa, mama Neema anasoma.

Jioni nikampigia mama kijijini, kwa uzito wote wa mtoto anayetoa taarifa ya msiba. Nikamkumbusha jinsi baba alivyolipenda, jinsi Mbaraka Mwinshehe alipofariki mwaka 1979 alivyolitundika ukutani miezi na miezi bila kuligusa, kwa majonzi.

"Majonzi gani?" mama akasema. "Nyuzi zilikatika. Sabuni yenyewe tulikuwa tunapanga foleni, nyuzi za gitaa angezitoa wapi?"

"Lakini mama, baba alikuwa mpigaji."

"Baba yako alijua wimbo mmoja. Na huo hakuwahi kuumaliza, akifika katikati anarudi mwanzo. Kila jioni, mwanangu. Mpaka mbuzi wakawa wanaondoka wenyewe."

Nikamweleza kwamba fundi anasema litapona, ila kukauka kutachukua muda.

"Msimharakishe," mama akasema.