Mashine imekataa: keshia, mteja na kadi ya chakula nchini Marekani

Kuku ni yule yule. Ameokwa asubuhi dukani humo humo, kwa viungo vile vile. Akiwa bado kwenye kabati la kioo lenye taa ya kumtunza joto, kadi ya msaada wa chakula, SNAP, haimlipii. Akishapoa, akafungwa na kuhamishiwa kwenye friji hatua chache kutoka pale, kadi inamlipia bila ubishi. Mteja aliyebeba wa moto anafika kaunta, mashine inagoma, na anayetakiwa kumweleza si mbunge aliyepitisha katazo la chakula cha moto, ni kijana aliyesimama kwenye kaunta hiyo tangu asubuhi. "Samahani mama, huyu hakubali." Baada ya hapo anajiandaa kwa lolote.

SNAP ndio mpango mkuu wa msaada wa chakula Marekani. Mwaka 2024 ulihudumia zaidi ya watu milioni 41 kwa mwezi, karibu mtu mmoja kati ya wanane, kwa wastani wa dola 187 hivi kwa kila mmoja. Fedha zinaingizwa kwenye kadi ya EBT, mtu anaipitisha kwenye mashine, anabonyeza namba ya siri, basi. Pembeni yake ipo WIC, mpango mdogo zaidi wa wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wasiozidi miaka mitano. Makeshia wanailalamikia yote miwili, na malalamiko yao ni rahisi kuyatupa kapuni kama kelele za watu wanaowasimanga maskini. Mengine ni masimango kweli. Lakini ukiyafungua moja moja unakuta hasira mbili zimefungwa kwenye furushi moja: hasira dhidi ya kanuni, na hasira dhidi ya mtu. Ya kwanza naiona ina haki tele.

Tuanze na WIC, maana hapo ndipo keshia anapotoka jasho. WIC haikupi fedha ukanunue unachotaka. Inakupa orodha: maziwa kiasi hiki, mayai, nafaka za asubuhi za aina hizi, mkate, maharage au siagi ya karanga. Mtoto wa mwaka mmoja anaandikiwa maziwa yenye mafuta yake yote. Akifikisha miwili anahamishiwa yaliyopunguzwa. Maziwa ya kopo ya mtoto mchanga kwa kawaida ni ya kampuni moja tu, ile iliyoshinda zabuni ya jimbo. Kwa miaka mingi mkate uliotajwa kwenye orodha ulikuwa wa wakia 16, huku rafuni ukikuta tele ya wakia 20 na 24. Ni marekebisho ya mwaka 2024 ndiyo yaliyoukubali wa 24.

Sasa mweke mama mwenye mtoto mmoja kiunoni na mwingine anayevuta pipi zilizopangwa makusudi jirani na kaunta. Amesoma kibandiko kwenye rafu, akachukua boksi la nafaka la kampuni sahihi, ladha sahihi, ukubwa usio sahihi. Keshia anaskani, mashine inalia. Anaskani tena, kama vile mara ya pili itaona huruma. Mtu anatumwa rafuni kubadilisha. Mtindi nao ni wa mafuta mengi kuliko ulioandikwa. Nyuma watu wanne wanahema kwa sauti, mmoja anahamia foleni nyingine kwa mbwembwe ili kila mtu aone. Na kuna maduka yanayopima kasi ya keshia, bidhaa ngapi kwa dakika, kipimo kisichojua kama aliyekuwa mbele yake alilipa kwa WIC au kwa noti ya dola 20. Mwisho wa wiki meneja anamwita kumuuliza kwa nini yuko polepole.

Hapo keshia akikasirika, nani atamlaumu? Na kosa lake si dogo kwa duka. Duka linalobainika kuuza kwa SNAP vitu visivyoruhusiwa linaweza kufungiwa kupokea kadi hizo, kuanzia miezi sita hadi miaka mitano, na likinunua salio la mteja kwa fedha taslimu linaweza kufungiwa daima. Maneno hayo keshia huyaambiwa siku ya kwanza ya kazi, pengine kabla hata ya kuonyeshwa choo kiko wapi.

Ila jambo hili lina historia, na historia yake ndiyo inayonipa msimamo wangu. Mpango wa kwanza wa stempu za chakula ulianzia Rochester, New York, mwaka 1939. Kulikuwa na stempu za rangi ya chungwa na za bluu: za chungwa ulizinunua na zilifaa kwa chakula chochote, za bluu ulipewa bure na zilifaa tu kwa mazao yaliyozidi sokoni. Mwuza duka alipaswa kujua kipi kinalipiwa kwa rangi ipi. Kadi ilijaribiwa Reading, Pennsylvania, mwaka 1984, ikaenea majimbo yote kufikia 2004. WIC ilichelewa sana. Enzi za hundi za karatasi keshia alikagua tarehe ya kuanza na ya kuisha, akaandika kiasi, akalinganisha saini, na kosa moja la kalamu lilitosha hundi kurudishwa bila kulipwa. Sheria ya mwaka 2010 iliyapa majimbo hadi Oktoba 1, 2020 yawe yamehamia kwenye kadi.

Kila hatua ya safari hiyo iliondoa uamuzi mmoja kichwani mwa keshia na kuupeleka kwenye kompyuta, na kila ulipoondoka uamuzi ukaondoka na ugomvi wake. Leo hakuna anayekuomba saini ya pili mbele ya foleni nzima. Ugomvi uliobaki umebaki kwenye kanuni zinazogundulika dakika ya mwisho, mzigo ukiwa tayari kwenye mkanda.

Wanaotetea kanuni kali nao wana hoja, wala si hoja ya kubezwa. Fedha ni za walipakodi na neno "lishe" limo kwenye jina lenyewe la SNAP (ile N ni "Nutrition"). Tena orodha ya WIC inayomtoa keshia jasho ina matunda yake. Vyakula vyake vilifanyiwa marekebisho mwaka 2009, vikaongezwa mboga, matunda na nafaka zisizokobolewa, na kituo cha taifa cha kudhibiti magonjwa, CDC, kikaonyesha kwamba unene uliokithiri kwa watoto wa WIC wa miaka miwili hadi minne ulishuka kutoka asilimia 15.9 mwaka 2010 hadi 14.5 mwaka 2014. Hatuwezi kusema orodha peke yake ndiyo iliyofanya kazi hiyo, lakini mtu anayeishi na takwimu kama hizo akikuambia foleni ya dakika tatu ni gharama ndogo, ana haki ya kusikilizwa.

Tatizo ni kwamba gharama hiyo hailipi yeye. Tazama kinachoendelea sasa. Kuanzia Januari 1, 2026, majimbo matano (Indiana, Iowa, Nebraska, Utah na West Virginia) yalianza kuzuia baadhi ya vitu kununuliwa kwa SNAP, kila moja kwa orodha yake, na mengine yalipanga foleni nyuma yao. Nebraska ilizuia soda na vinywaji vya kuongeza nguvu. Iowa ilikwenda mbali zaidi: ilishika sheria yake ya kodi ya mauzo, na karibu kila chakula kinachotozwa kodi hiyo kikawa hakilipiwi kwa kadi. Sheria hiyo ina tafsiri yake ya pipi, na kitu chenye unga wa ngano ndani yake hakihesabiwi kuwa pipi. Chokoleti yenye biskuti katikati inapita. Chokoleti yenye karanga haipiti. Nenda kamweleze hilo mzee aliyekuja kumnunulia mjukuu zawadi.

Omaha iko Nebraska. Council Bluffs iko Iowa. Kati yao kuna mto Missouri na madaraja, na watu wanavuka kila siku kwenda kazini na sokoni. Chokoleti ya karanga inayolipiwa upande mmoja wa daraja inakataliwa upande wa pili, na si gavana wala waziri atakayekuwa pale kaunta kumaliza ubishi. Mantiki ya afya iwe na nguvu kiasi gani, utekelezaji wake umeangukia mabega ya mtu asiyeshirikishwa.

Hasira ya pili, ile dhidi ya mtu, ni habari nyingine. Keshia anaona nyama nzuri ikipita, anaona kambakoche hai (ndiyo, SNAP inaruhusu kambakoche hai, ila pampasi na sabuni hapana), kisha anakumbuka yeye jioni atakula mkate na mayai. Kipato chake kimevuka kidogo tu kile kikomo cha kawaida, asilimia 130 ya kiwango cha umaskini, kwa hiyo yeye hapati kitu. Uchungu huo naufahamu, na sidhani unatibiwa kwa kumwambia mtu asiwe na wivu. Lakini anachokiona kaunta ni toroli moja la siku moja. Mteja huyo huenda amewekewa salio leo baada ya wiki mbili za ugali mkavu wa Kimarekani, yaani tambi bila mchuzi. Wizara ya Kilimo ilipolinganisha manunuzi ya kaya za SNAP na zisizo za SNAP katika ripoti ya mwaka 2016, ilikuta vikapu vinafanana kwa sehemu kubwa. Kwenye vinywaji vyenye sukari tofauti ilikuwa karibu senti 9 kwa senti 7 katika kila dola. Anayemnunia mteja wa kadi kwa sababu ya soda angepaswa kumnunia kila mtu kwenye foleni.

Tena mpaka kati ya pande mbili za kaunta ni mwembamba. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge, GAO, ilipochunguza mwaka 2020 iliyakuta maduka makubwa ya rejareja miongoni mwa waajiri wanaoongoza kwa wafanyakazi wanaopokea SNAP, na takriban asilimia 70 ya watu wazima wenye ajira katika mpango huo walifanya kazi saa kamili kwa wiki. Wapo makeshia wanaoskani kadi ya mteja mchana na kupitisha ya kwao jioni.

Kwa mteja, kinachouma hasa si mashine kukataa. Kanuni za SNAP zinalitaka duka limtendee sawa na wateja wengine, haliruhusiwi hata kumtengea foleni yake peke yake. Lakini sauti ni ngumu kuizuia kwa kanuni. Keshia anayeita meneja kwa kipaza sauti, "WIC, kaunta namba nne!", hadhani amevunja sheria yoyote. Amemtangaza tu mtu kwa duka zima.

Nikiulizwa pa kuanzia, sitaanza na semina ya ukarimu. Nitaanza na skrini. Mashine iseme mara tu bidhaa inapopita, si baada ya jumla kutoka. Kwa WIC tayari kuna programu za simu zinazomwezesha mama kuskani boksi akiwa bado mbele ya rafu, na hapo kosa la ukubwa linarekebishwa bila shahidi. Kwa SNAP mambo bado ni ya zamani katika maduka mengi: kadi inakata kinachokubalika, kimya kimya, halafu kwenye skrini inabaki namba. Keshia anaisoma. "Imebaki dola sita na senti arobaini, mama." Mama anaanza kupekua pochi, kisha anageukia mifuko iliyokwisha kufungwa, akitafuta ni kitu gani hasa kilichokataliwa.