"Linaingia tu"

Kinachoudhi zaidi ukijiundia baiskeli ya milimani kwa bajeti ndogo ni kauli ya wauza vipuri: "Linaingia tu." Fremu inataka bomba la kiti (lile linalobeba kiti na kuzama ndani ya fremu) lenye unene wa milimita 27.2, unauziwa la 26.8, halafu nafasi inazibwa kwa kipande cha kopo la soda. Hapana jamani! Kipande kile kinabana mdomoni mwa fremu tu, huko chini bomba linacheza. Kila ukigonga shimo kiti kinashuka, fundi anakaza zaidi klampu, ile pete inayobana mdomo wa fremu, mwishowe fremu inapasuka pale pale kwenye ule mkato wa nyuma ya mdomo. Fremu nzima imekwenda kwa ajili ya bomba la bei chee.

Na kipimo kimeandikwa! Lichomoe bomba la zamani, tazama karibu na mstari wa kikomo, ule unaoonyesha bomba lizame mpaka wapi: utakuta 26.8, 27.2, 30.9 au 31.6. Maandishi yamefutika? Pima fremu kwa ndani kwa kalipa (kipimo cha taya cha kupimia upana), pande mbili tofauti, maana fremu ya mtumba mara nyingi mdomo wake umeshabanwa. Ukipata la sawa, lipake grisi kidogo, lizamishe mpaka mstari ufichike. Muuzaji akikukataza kupima, mwachie bomba lake.