Mmewapanga waandishi wa dunia, au waliobahatika kutafsiriwa?

Juzi Jumapili usiku nimeshakula, nimenyoosha miguu, simu ikaanza kulialia. Kwenye kundi letu la WhatsApp, la tuliosoma pamoja kidato cha sita, mtu katuma orodha ya waandishi 50 bora wa dunia wa nyakati zote, wamepangwa kwa namba kama msimamo wa ligi. Shakespeare kileleni. Chini yake Tolstoy, Dostoevsky, Homer na Dante wamebanana kama timu zinazoviziana pointi. Afrika nzima imepewa nafasi mbili, zote ukanda wa kushuka daraja, zote za watu walioandika kwa Kiingereza. Kiswahili hakimo hata benchi.

Orodha yenyewe wala haikunisumbua. Hizi huja kama mafua, zinapita. Kilichonitoa usingizi ni maoni ya jamaa yetu mmoja, wakili siku hizi, mtu ambaye shuleni alikuwa anasoma riwaya chini ya dawati wakati wa hesabu. Akaandika: “Tuseme ukweli jamani, Kiswahili hakijatoa mtu wa kiwango hicho. Sisi tuna vitabu vya mitihani.” Watu kumi na mmoja wakamgongea dole gumba. Niliwahesabu. Mmoja wao ni mwalimu wa Kiswahili.

Nikamuuliza: wakili msomi, Kirusi umejifunzia wapi?

Akaweka vikatuni vya kucheka. Akasema Tolstoy kamsoma kwa Kiingereza, kama watu wote.

Haya, tuanzie kwa hao watu wote. Kuanzia miaka ya 1890 kuna mama mmoja wa Kiingereza, Constance Garnett, aliyekaa na Warusi akawatafsiri mmoja baada ya mwingine: Turgenev, Tolstoy, Dostoevsky, Chekhov. Vitabu takriban 70. Macho yakamharibikia na hakuacha. Baada yake wakaja wengine, wakamkosoa, wakatafsiri upya, wakagombana kwenye magazeti nani kamwelewa Dostoevsky zaidi. Ni zaidi ya miaka mia moja ya watu kukunja mgongo mezani, ndiyo leo Dostoevsky yumo kwenye simu ya mtu asiyejua hata kusema asante kwa Kirusi. Sasa niambieni, Garnett wa Kezilahabi, mwandishi wetu wa riwaya, ni nani? Rosa Mistika ilitoka mwaka 1971. Kwa Kiingereza imetoka 2025, mwandishi ana miaka mitano kaburini. Halafu mtu anashangaa kwa nini watunga orodha hawamjui. Wangemjulia wapi, kwa ramli?

Wakili akajibu kwa methali: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Hapo ndipo nilipoamka nikakaa. Kwa sababu huyo Shakespeare wao wa namba moja hakujiuza. Alifariki mwaka 1616, na karibu nusu ya tamthilia zake zilikuwa hazijawahi kuchapishwa. Waigizaji wenzake wawili, Heminges na Condell, ndio waliozikusanya, na mwaka 1623 zikatoka tamthilia 36 ndani ya kitabu kimoja kikubwa. Bila wao, 18 kati ya hizo huenda tusingezijua leo, Macbeth ikiwemo. Nenda Mombasa sasa. Mshairi Muyaka bin Haji alifariki mwaka 1840 hivi, mashairi yake yakiwa vinywani mwa watu, yale aliyokuwa akimchokoza nayo Seyyid Said wa Unguja na yale ya mapenzi na ya njaa. Miaka inapita, wazee wanaondoka nayo mmoja mmoja. Akatokea Mwalimu Sikujua, akakaa na yale aliyoyahifadhi na aliyoyakusanya kwa wazee, akamwandikia mmisionari Taylor. Jina lake Sikujua, na bila yeye sisi ndio tusingejua. Karatasi zenyewe ziko London, maktaba ya chuo cha SOAS. Ukitaka kuzitia machoni, tafuta viza.

Kwa hiyo mshairi wa Mombasa na mshairi wa Stratford wote wawili waliokolewa na wengine, na aliyewatenganisha baada ya hapo ni meli. Mmoja lugha yake ilipanda meli ya kivita ikazunguka dunia, ikafungua shule kila ilipotia nanga. Mwingine lugha yake ilipanda jahazi.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba meli ya kivita haimfanyi mtu aandike Macbeth. Shakespeare namjua tangu nikiwa mdogo, tena nilianza naye kwa Kiswahili, kwenye Mabepari wa Venisi ya Mwalimu Nyerere. Hebu tulieni na hicho kichwa cha habari. Mwalimu angeweza kuandika “Mfanyabiashara”. Akaandika Mabepari, mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha! Shylock, yule mkopesha fedha wa tamthilia hiyo, akaingia Tanzania akiwa tayari ana kosa la kisiasa. Na bado, pamoja na fimbo hiyo, yule mzee anapouliza kama yeye akichomwa hatoki damu, unamwonea huruma. Mwandishi anayestahimili hivyo ni mwandishi kweli, sibishi. Ninachosema ni kwamba tulibebewa na rais wa nchi. Rais mzima aliketi akatuletea Mwingereza, mara mbili, maana kabla ya hapo alishamleta Juliasi Kaizari. Waziri Mkuu wa Uingereza aliyeketi usiku kumpelekea watu wake Shaaban Robert, nitajieni.

Na mkimtaja Shaaban Robert, tafadhali sana, acheni kumwita “Shakespeare wa Afrika”. Mnadhani mnampamba. Jina la mzee huyu wa Vibambani halikujengwa jukwaani. Limejengwa kwenye insha, tenzi na zile hadithi za nchi za kufikirika ambamo mtu anashtakiwa kwa kufundisha sheria. Anafanana na Shakespeare kama chapati inavyofanana na mkate.

Lakini nimekasirika, basi mniache nifike mahali penyewe.

Mwaka 1818 Shelley alichapisha Ozymandias, mistari 14 juu ya sanamu la mfalme lililovunjika jangwani. Hilo shairi limo katika kila kitabu cha shule kuanzia Dublin hadi Delhi. Shelley hakuwahi kutia mguu Misri. Takriban wakati uleule, kwenye visiwa vya Lamu, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alikuwa anatunga Al-Inkishafi, beti zaidi ya 70, juu ya Pate iliyoanguka. Huyu hakusimuliwa habari na msafiri, kama yule wa shairi la Shelley. Ni mji wa watu wake, kuta alikuwa anaziona. Anausemesha moyo wake, anaukemea kama mtu anavyomkemea mdogo wake mlevi: hebu tazama, hawa waliokuwa na nyumba zenye taa za shaba, wako wapi?

Halafu anakuingiza ndani ya nyumba.

Madaka ya nyumba ya zisahani,
sasa walaliye wana wa nyuni.

Aliyewahi kuingia nyumba ya kale ya mawe anayajua hayo madaka. Vile vishubaka vilivyochongwa ukutani kwa chokaa, safu juu ya safu, vya kupangia sahani za Kichina. Hazikuwa sahani za kulia. Zilikaa pale ili mgeni akiingia ajue ameingia nyumba ya nani. Sasa kila kishubaka kina kinda la ndege. Ukubwa wenyewe unakwenda sawa, mnaona? Ilipokaa sahani panatosha kiota. Mshairi hakuleta jangwa wala mfalme wala maneno ya kutisha. Kaleta vifaranga mahali pa vyombo, na mstari unaofuata anamweka bundi akoroma sebuleni kama ndiye mwenye nyumba.

Na sikilizeni ile “walaliye”. Ni njeo ya kizamani, ya jambo lililokwisha kutimia, ambayo Kiswahili chetu cha ofisini kimeitupa. Beti zote za utenzi ule zinatua kwenye “-ye” mwishoni, moja baada ya nyingine, hadi sauti yenyewe ya mwisho wa ubeti inakuwa kama mlango unaofungwa. Huo mlango unaufungaje kwa Kiingereza? Wamejaribu, na si watu wabovu: Hichens mwaka 1939, Allen mwaka 1977. Maana ilivuka. Vifaranga walivuka. “-ye” ilibaki Pate.

Sasa mtu anakuja na jedwali lake la namba 1 hadi 50 na kuniambia amepima. Umepimaje kitu ambacho hukisikii? Riwaya inasafiri, ina kisa, kisa kina miguu. Shairi linasafiri kama samaki mbichi. Ndiyo maana orodha zote hizi zimejaa watu wa riwaya, na washairi waliomo ni wale ambao shule ililazimisha. Sasa chukua fasihi ambayo kwa karne nzima uti wake wa mgongo ulikuwa tenzi na mashairi, iweke kwenye mzani uliotengenezwa kupimia riwaya zilizotafsiriwa, kisha utangaze kwamba ni nyepesi. Watu wa Wakala wa Vipimo wangekufunga.

Kamati ya Nobeli ya fasihi, kwa taarifa yenu, ilianza kazi mwaka 1901, Tolstoy yu hai, ndevu na kila kitu, na aliishi hadi 1910. Zawadi ya kwanza wakampa Sully Prudhomme. Aliyemsoma Sully Prudhomme anyooshe mkono.

Abdulrazak Gurnah ndiye aliyerushwa usoni kwangu kama ushahidi: mbona mtoto wa Unguja kapata, mwaka 2021? Kapata, na anastahili, na nilishangilia kama nimepata mimi. Lakini Paradise, kile kitabu cha Yusuf, mtoto anayetolewa na babake kulipa deni, ilitoka 1994. Ikaja kuwa Peponi, kwa mkono wa Ida Hadjivayanis, mwaka 2022. Miaka 28 kutoka kwake hadi kwetu, na ilibidi ipitie Stockholm, kwa watu wa Nobeli.

Mnaona kuwa na sisi tumo kwenye mashtaka. Hapa wakili ana nusu ya hoja na inaniuma kumpa. Mwezi uliopita nilikuwa Posta, mbele ya kijana anayepanga vitabu vilivyotumika chini, juu ya turubai. Nikamuuliza Nagona. Akaniangalia. “Ya kidato cha ngapi, dada?” Nikasema si ya kidato, ni ya Kezilahabi. Akanionyesha, kwa upole kabisa, kitabu cha jinsi ya kuwa tajiri kabla ya miaka 30. Niliondoka na Kufikirika ya Shaaban Robert kwa shilingi elfu nne, imechorwachorwa kalamu nyekundu kila pembeni: DHAMIRA, UJUMBE, TAMATHALI (3). Ukurasa mmoja mwenye kitabu aliyetangulia kaandika “hii inatoka sana”. Hakumaanisha machozi. Tumewachukua watu hawa tukawafanya maswali ya alama ishirini, kisha tukafika utu uzima tukadhani hicho ndicho walichokuwa. Ingawa pia, sijui, bila hayo maswali nadhani Kufikirika isingekuwepo hata juu ya lile turubai.

“Basi toa orodha yako,” wakaniambia. Nilikuwa nimeapa sitoi. Ilikuwa saa tano na nusu, nimechemka, nikatoa. Sayyid Abdalla wa kwanza, Muyaka wa pili, Mwana Kupona wa tatu kwa sababu alimwandikia binti yake utenzi mwaka 1858 akiwa mgonjwa na bado hakukosea mizani, kisha Shaaban, kisha Kezilahabi. Hapakupita dakika. Mpemba wetu akataka kujua Said Ahmed Mohamed kafukuzwa kwa kosa gani. Mwalimu wa Kiswahili, yule wa dole gumba, akaibuka kumtetea Mohamed Suleiman na Nyota ya Rehema kwa ujumbe wa sauti wa dakika nne. Mtu mwingine akasema Shaaban wa nne ni matusi kwa mkoa wa Tanga, anajitoa kwenye kundi. Akajitoa. Tulimrudisha asubuhi.

Saa saba kasoro wakili akaniandikia pembeni, si kwenye kundi. Anasema amelala lakini kimemjia kitabu kimoja cha makuli wa bandari ya Unguja, wanagoma, mwaka 1948, na kijana mmoja anaitwa Rashidi. Alikisoma chini ya dawati, mwalimu wa hesabu akamnyang'anya hakumrudishia, hajui kiliishaje.

Nikamwambia ni Kuli, ya Adam Shafi. Akauliza kama ninayo. Ninayo, jalada halipo. Anakuja kuichukua Jumamosi.