Fomu za mali za viongozi: kuuliza kumekuwaje husda?

Kila ikitajwa ishu ya viongozi wetu kutangaza mali zao hadharani, hapa Unguja utamsikia mtu mzima na akili zake anakwambia "mwachieni mwenzenu, Mungu kampa". Mazungumzo yanakufa hapohapo. Nnavoona mimi wanaotaka fomu zile zifunguliwe wanaonewa sana, wanafanywa kama watu wa roho mbaya kazi yao kuhesabu riziki za watu, na ndo mana nataka tulizungumze hili taratibu.

Sheria ipo, si ya jana wala juzi. ZAECA, mamlaka yetu ya kuzuia rushwa na uhujumu uchumi, ipo toka sheria ya 2012, na mwaka 2015 ikaja Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma na Tume yake, kiongozi anatakiwa ajaze tamko la mali na madeni. Wanajaza. Ikishajazwa inaingia kabatini, Tume inaiona, mimi na wewe hatuioni, basi.

Wanaokataa wana sababu zao na baadhi ni za kweli. Usalama kwanza, ukishaandika fulani ana hiki na hiki umewaonesha wezi njia. Halafu visiwa hivi ni vidogo, kila mtu ni ami ya mtu, orodha ikitoka leo kesho mlango wa yule kiongozi haufungwi kwa jamaa wenye shida. Na siasa zetu za toka uchaguzi wa vyama vingi wa 1995 tunazijua, karatasi yoyote inageuzwa silaha ya uchaguzi. Ila kubwa wanalosema ni kwamba mwizi haandiki alichoiba, atakiweka kwa jina la shemegi au mtoto wa dada yake, kwahiyo mtakaowaanika ni wale waaminifu tu.

Wengine wanaleta dini, wanasema tumeamrishwa kusitiriana. Kweli kabisa, lakini sitara ni ya mja na aibu yake, pesa ya umma ni amana na mwenye amana ana haki ya kuuliza. Tena dini hiyohiyo ina kisa cha Ibn al-Lutbiyya, aliyetumwa na Mtume (S.A.W.) kukusanya zaka, akarudi na mafungu mawili, hili lenu na hili nimepewa zawadi. Mtume akapanda mimbari mbele ya watu wote, akauliza kwanini asingekaa nyumbani kwa baba yake na mama yake akaona kama zawadi zitamfata. Hakuitwa chemba. Na Sayyidna Umar imepokewa kwamba magavana wake akiwaandika mali zao kabla hajawatuma, ili wakirudi wamezidi aulize ilipotoka ziada. Sasa sisi tunaoomba hayohayo tunaitwa mahasidi, kwa dini gani?

Turudi kwenye hoja ya shemegi, mana hapo ndo penye uzito na mimi napenda tukae hapo. Nyumba iliyoandikwa jina la shemegi, tuseme mtaa wa Fuoni, haioti usiku. Inaanza na malori ya mchanga, na mchanga wenyewe siku hizi unajua ulivo adimu na bei yake. Zikifika nondo na zege la juu mtaa mzima ushajua nani anakuja jioni na gari kutizama kazi, fundi anajua nani anaemlipa, mwenye duka la vifaa anajua deni kaandikiwa nani, na sheha, kiongozi wa serikali hapo mtaani, anajua kiwanja kiliuzwa vipi. Tume ina wafanyakazi wangapi wa kuyajua yote hayo Unguja na Pemba? Lakini fomu ikiwa wazi imeandikwa "nyumba moja, Kikwajuni" wale watu wa Fuoni wataisoma na watajiuliza. Yaani faida ya fomu ni hata kile ambacho hakikuandikwa. Kabatini haina msomaji, na shemegi analala usingizi mzuri.

Na tukumbuke kima cha chini serikalini kilipopandishwa 2022 kilifika shilingi 347,000. Mwalimu wa skuli Wete au nesi wa Micheweni anaeishi kwa mshahara wa serikali ana kila haki ya kujua bosi wake kiwanja cha ufukweni kakipata vipi.

Kitu ambacho naona watu wanakisahau ni 1991. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, hisa kwenye kampuni, hata nyumba ya kupangisha. Halmashauri Kuu ya CCM ikakaa hapahapa kwetu, miiko ile ikalegezwa, ndo likaitwa Azimio la Zanzibar. Mimi sililaumu, miiko ile ilikuwa mikali kupita kiasi, mtu na chumba chake kimoja cha kupangisha anaonekana bepari. Ila ukishamruhusu kiongozi awe na mali huku anashika fungu la umma, sharti la badala yake ilikuwa aioneshe. Ruhusa tumeitoa, sharti tukalifungia kabatini.

Hizi khofu za usalama nazo zina dawa. Bunge la Afrika Kusini linatoa rejista ya maslahi ya wabunge, mawaziri ambao ni wabunge wamo, na ina sehemu ya wazi na sehemu ya siri. Si kwamba kule hawaibi, Nkandla tunaijua, lakini ile nyumba ya Zuma, aliyekuwa rais wao, iliyotengenezwa kwa pesa ya umma, iliulizwa maswali mpaka Mahkama ya Katiba 2016 na akalipa zaidi ya randi milioni 7. Kwetu viwanja, nyumba, hisa na kampuni viwe wazi, namba za akaunti na mambo ya watoto yabaki siri, na tuanze na mawaziri, wawakilishi na wakuu wa mikoa. Anaeona hata hicho ni kikubwa hakulazimishwa kuchukua cheo.