Jiwe la Lihula lilivalishwa nguo mbaya

Siku 13. Huo ndio umri wa mnara wa kumbukumbu ya vita uliosimamishwa kwenye makaburi ya Lihula, mji mdogo wa magharibi mwa Estonia. Ulizinduliwa tarehe 20 Agosti 2004, siku ambayo Waestonia husherehekea kurudi kwa uhuru wao. Tarehe 2 Septemba serikali ya Waziri Mkuu Juhan Parts ikatuma kreni na polisi kuja kuung'oa. Wenyeji walirusha mawe, polisi wakajibu kwa gesi, na jiwe likaondoka.

Maandishi yake yaliwataja wanaume wa Estonia waliopigana dhidi ya Ubolsheviki, yaani ukomunisti wa Kisovieti, kati ya 1940 na 1945 ili kurudisha uhuru wa nchi. Hayo yangeweza kupita. Kilicholeta balaa ni askari aliyechongwa juu yake: alikuwa na sare ya jeshi la Ujerumani.

Nawaelewa watu wa Lihula. Wasovieti waliitwaa nchi mwaka 1940, Wajerumani wakaja 1941, Wasovieti wakarudi 1944, na kila aliyeingia aliwakusanya vijana na kuwapa bunduki. Kijana wa shamba hakuulizwa anapenda rangi gani ya koti. (Wapo waliojitolea wenyewe, hilo nalo tusilifiche.) Kisha kwa miaka karibu hamsini ya utawala wa Kisovieti, waliovaa koti la Kijerumani hawakuruhusiwa kukumbukwa hadharani.

Lakini sare ile ina damu nyingine. Chini yake waliuawa karibu Wayahudi 1,000 wa Estonia ambao hawakufanikiwa kukimbia, pamoja na maelfu waliosafirishwa kutoka nchi nyingine. Mchongaji angeweza kuweka majina, msalaba, au jiwe tupu. Tena onyo lilikuwepo: mwaka 2002 sanamu ya namna hiyo iliwekwa Pärnu, mji mwingine wa Estonia, ikaondolewa upesi.

Kwa hiyo kuondolewa sikupingi. Ninachokipinga ni kuingia makaburini na mbwa wa polisi. Estonia ilikuwa imeingia NATO na Umoja wa Ulaya miezi michache tu kabla, na ilionekana wazi kwamba macho ya wageni yaliogopwa kuliko machozi ya wenyeji. Katika majuma yaliyofuata, minara ya Jeshi Jekundu, yaani jeshi la Kisovieti, sehemu mbalimbali ikamwagiwa rangi.

Tangu 2005 jiwe liko Lagedi, karibu na Tallinn, kwenye makumbusho ya mtu binafsi. Bibi wa Lihula mwenye shada la maua ana safari ndefu.