Bukta nyeupe na daftari la kocha

Juni Dodoma ni vumbi, upepo wa baridi na UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi. Katika mechi moja ya ngazi ya kata, nje kidogo ya mji, nilimwona golikipa wa kike aliyejifunga sweta kiunoni. Mwamuzi akamwamuru alivue. Akalitupa nyuma ya goli, na tangu hapo hakuruka tena. Mpira wa juu aliunyoshea mkono mmoja, wa chini akautolea mguu, mgongo wake ukibaki umeelekea nguzo muda wote. Wavulana wakamzomea. Bukta za timu yake zilikuwa nyeupe. Aliyeng'amua mapema kuliko benchi zima la ufundi ni mama muuza ubuyu: “Yule mtoto yuko kwenye siku zake, jamani. Mtoeni.” Kocha akabaki anatazama saa.

Siku hizi wapo wanaosema tatizo lilikuwa kwamba kocha hakujua. Wanataka awaulize wasichana wake, aandike tarehe zao na apange mazoezi kwa kuzifuata. Mfano wanao: timu ya wanawake ya Chelsea ilijulikana mwaka 2020 kwa kupanga mazoezi kwa mzunguko wa kila mchezaji. Tangu Juni 2024 kanuni za FIFA nazo zinatambua kwamba mchezaji wa kulipwa anaweza kukosa kazi kwa sababu ya hedhi kali bila kupoteza haki zake.

Hoja yao ina uzito. Damu nyingi hupunguza madini ya chuma mwilini, na katika nchi ambayo utafiti wa afya wa mwaka 2015/16 ulikuta karibu asilimia 45 ya wanawake wa umri wa kuzaa wana upungufu wa damu, msichana anayeishiwa pumzi dakika ya kumi huenda si mvivu kama anavyoitwa. Yupo pia anayekimbia sana huku akila kidogo, mpaka hedhi inakatika miezi kadhaa. Nimewasikia makocha wakilifurahia hilo, eti mwili umekaza. Kumbe ni mwili unaolalamika kwamba chakula hakitoshi, na mifupa ndiyo italipa baadaye. Asipoulizwa na mtu, nani atajua?

Upande wa pili wapo wazazi, na si haki kuwaita washamba. Mambo ya kuvunja ungo tangu zamani yalikuwa na wenyewe: bibi, shangazi, mama mkubwa. Baba mwenyewe alikaa pembeni, sembuse kijana wa miaka 26 mwenye filimbi shingoni. Hapa kwetu kuna jambo jingine ambalo wanaotuletea mfano wa Chelsea hawalioni. Mpaka Novemba 2021, serikali ilipofungua mlango wa wanafunzi waliojifungua kurudi shuleni, mimba ilimaanisha kufukuzwa, na katika shule nyingi wasichana walipangwa foleni kupimwa. Watoto wa leo wamesimuliwa na dada zao. Daftari linaloonyesha nani hakupata siku zake mwezi huu, likiwa mikononi mwa mwalimu wa kiume, wao wanalisoma tofauti kabisa na mchezaji wa London.

Halafu, kwa umri huo, daftari lenyewe halisaidii sana. Miaka ya mwanzo mzunguko wa msichana huyumba; siku 21 hadi 45 bado ni kawaida. Utampangia nini? Hata kwa wanawake wazima, uchambuzi wa tafiti uliotolewa mwaka 2020 ulikuta uwezo hushuka kidogo mno siku za mwanzo za hedhi, na tafiti nyingi zilizotumika hazikuwa imara. Kwa timu ya wilayani Bahi, hapa Dodoma, yenye mpira mmoja, hiyo ni elimu ya kusoma siku ya mvua.

Na yule mama wa ubuyu? “Mtoeni” yake ilitoka moyoni, na makocha wengi wema hufanya hivyohivyo: anayeumwa tumbo anakalishwa. Lakini mazoezi mepesi kwa wengi hupunguza maumivu hayo, na kila msichana anajua namba ikishachukuliwa hairudi. Mkimkalisha mara mbili, mara ya tatu ataficha. Aamue yeye mwenyewe kama anacheza.

Mimi ningeanza na msaada ambao haumhitaji mtu yeyote kujua lolote. Bukta nyeusi au za bluu iliyokolea. England waliacha bukta nyeupe kwa timu yao ya wanawake mwaka 2023, na mwaka huohuo Wimbledon, wale wa tenisi wenye weupe wao wa karne nzima, wakaruhusu wachezaji wa kike wavae taiti za rangi nzito ndani. Hao wana madaktari na pedi bora. Golikipa wetu ana kitambaa cha kanga. Iwepo pia ruhusa ya kutoka uwanjani na kurudi bila kujieleza, kwa kila mchezaji, ili anayetoka asijulikane katoka kwa nini. Na choo chenye mlango unaofungika na ndoo ya maji iliyojaa.

Hapo kwenye maji ndipo Dodoma inapotutia adabu. Pedi za kufua zinasifiwa sana, na kwa jua hatujambo, tunaanika zabibu. Lakini kambi ya wilaya ni wasichana arobaini wamelala madarasani, na ndoo ni za kugombea. Atakayefua usiku ataanika wapi, mbele ya dirisha la wavulana? Anaificha chini ya godoro, asubuhi anaivaa na unyevu wake.

Za dukani ni habari ya bei. Bunge, hapahapa Dodoma, lilipitisha msamaha wa VAT kwa taulo za kike mwaka 2018; mwaka uliofuata serikali ikaurudisha ushuru, ikisema bei haikushuka. Msamaha ulipotelea njiani kati ya bandari na kaunta ya duka. Boksi moja la pedi ndani ya begi la timu, pamoja na bandeji na glukosi, lina njia fupi zaidi.

Bado wale wanaotaka maswali yaulizwe hawajashindwa, maana ndoo na bukta haviwezi kumgundua anayezimia kwa maumivu kila mwezi wala yule ambaye hedhi imekatika. Huyo anahitaji mtu wa kumwambia, na mtu huyo awe matroni, aandamane na timu kama kipa anavyoandamana nayo. Nilipomweleza hivyo mwalimu wa michezo wa timu ile, alicheka. Shuleni kwao walimu wa kike ni wawili, mmoja ananyonyesha, mwingine ana darasa la kwanza lenye watoto zaidi ya mia.

“Na bukta je?” nikamuuliza.

“Tulipewa. Zina jina la mheshimiwa nyuma na pajani. Alisema kwenye nyeupe jina linasomeka vizuri.”